Kisukari cha ukubwani: bima imbebe aliyejitakia?

Dona Kavu: Wakuu, tuseme ukweli. Mtu anashushia kila mlo na soda, kutembea hataki, halafu mfuko tunaochangia wote umtibu kisukari? Achangie zaidi. Na msiniletee hadithi za kurithi.

Binti Pangani: Mama yangu kasuka mikeka maisha yake yote, soda anaionea harusini. Anacho. Dada zake wawili nao wanacho. Pima maneno yako.

Kibanda Umiza: Pole dada. Ila mnarithishana na mapishi. Wapwani hata maharage mnatia nazi 😂

Binti Pangani: Nazi imeingiaje? Nyie mnaoshindia chipsi mayai ndio wa kutufundisha kula?

Msomi wa Usiku: Mada jamani. Kuna njaa ya Uholanzi, Wajerumani walizuia chakula wakati wa vita, 1942 kama sikosei. Waliokuwa tumboni walipokua, sukari ikawasumbua.

Fundi Redio: Mwishoni mwa 1944 hadi Mei 1945, mkuu. Mgao ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Waliotungwa mimba kipindi kile walipimwa damu miaka 60 hivi baadaye: jeni ya IGF2 ina alama pungufu za kemikali kuliko za ndugu zao wa tumbo moja wasioipitia njaa. Jeni yenyewe haikuandikwa upya, ni zile alama zinazosaidia kuiwasha na kuizima. Sasa nani alijitakia hapo, kijusi?

Dona Kavu: Uholanzi na Sinza wapi na wapi? Huyu wa kwetu njaa kaiona lini?

Fundi Redio: Yeye hakuiona. Mama yake je, 1974 alikula nini?

Mzee Kipande: Tulikula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Mke wangu alikuwa mjamzito. Mbona mwanangu mzima?

Fundi Redio: Shikamoo mzee. Sijasema kila mmoja ataugua. Wengine jeni zao zinavumilia, wengine hapana. Amepima lakini?

Mzee Kipande: Apime nini na anacheza mpira kila Jumapili?

Kibanda Umiza: Hivi yanga ulikuwa unanuka kweli, au mnausingizia tu?

Mzee Kipande: Unanuka wapi! Mtamu kuliko sembe yenu nyeupe.

Binti Pangani: Bibi alikuwa anauchanganya na muhogo.

Dona Kavu: Mzee, hapo kwenye sembe nakuunga mkono.