Ruzuku za shule za umma: zishindaniwe kwa maandiko au zigawiwe kwa uhitaji?

Mwanzisha mada

Wadau, naomba tulijadili hili kwa uwazi. Kila mwaka hutangazwa nafasi za ruzuku za elimu hapa Tanzania: za balozi, za mifuko ya kampuni, za mashirika ya nje, na za ndani kama Foundation for Civil Society, ambayo inatoa ruzuku kwa asasi za kiraia tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Shule ya umma au asasi ya wilayani inatakiwa iandae andiko la mradi, iambatanishe bajeti, kisha isubiri. Msimamo wangu ni kwamba utaratibu huu haufai kabisa kwa mahitaji ya msingi ya shule. Choo, darasa, dawati na nyumba ya mwalimu visishindaniwe. Fedha zake zigawiwe kwa kufuata takwimu za uhitaji na ziingie kwenye akaunti ya shule.

Tuangalie kwanza nani hushinda. Andiko zuri linatoka kwenye shule ambayo mwalimu mkuu ana kompyuta na Kiingereza cha kutosha, au kuna mtu aliyesoma pale zamani ambaye sasa yuko Dar na anajua wafadhili wanapenda kusikia nini. Mara nyingi shule hiyo iko karibu na lami, maana gari la mfadhili litataka kufika kukagua na kurudi siku hiyohiyo. Shule iliyoezuliwa paa na mvua za masika, yenye walimu wanne kwa madarasa saba, haina mtu wa kukaa wiki mbili akijaza fomu. Uhitaji mkubwa na uwezo wa kuandika havikai nyumba moja. Kwa hiyo mwenye nacho ndiye anayeongezewa, na anaongezewa kwa haki tupu, kwa kufuata vigezo vyote.

Halafu uhitaji wenyewe unajulikana tayari. Viwango vipo: darasa moja kwa wanafunzi 45 wa msingi, tundu moja la choo kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25. Kila mwaka shule zinajaza takwimu na kuzipeleka ngazi za juu. Kama shule ina wasichana 300 na matundu manne, serikali inalo hilo kwenye mfumo wake. Kwa nini mwalimu mkuu aambiwe alithibitishe upya kwa kurasa 15?

Na tumeshaona kwamba inawezekana. Mwaka 2021, kwenye mpango wa UVIKO-19 uliotokana na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF, yalipangwa madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Hakuna mwalimu wa shule shikizi aliyeandika andiko. Najua kuna mahali wananchi walijazia mchanga, maji na nguvu zao, na hilo tunaweza kulijadili. Lakini shule shikizi ziko mbali kwa asili yake, ndiyo maana zikaanzishwa, na kwenye mashindano ya maandiko zisingeonekana hata moja.

Hata Mfuko wa Elimu wa Taifa, ambao Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA) inausimamia kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 2001, shule zinaufikia kwa kuomba. Huu ni mfuko wetu wenyewe. Ningeanzia hapo.

Asasi ziendelee kushindana, kwa sababu zenyewe zinaleta mawazo mapya na mawazo yanafaa kupimwa. Shimo la choo si wazo jipya.

Mratibu wa asasi, Tabora

Ndugu mwanzisha mada, nakuheshimu, lakini hapa unabomoa nyumba ambayo watu wengine wanaishi ndani yake. Sisi asasi ndogo za mikoani tunaishi kwa maandiko hayo unayoyasema, na sehemu kubwa ya tunachoandika ni kwa ajili ya shule hizohizo. Taulo za hedhi, mabweni ya watoto wenye ulemavu, kumrudisha shuleni binti aliyejifungua. Takwimu zako hazina safu ya binti aliyeacha shule mwezi wa nne kwa sababu hakuna maji chooni. Anayejua ni mtu anayemfahamu mama yake.

Unasema fedha ziingie akaunti ya shule. Zikishaingia, mzazi anamwuliza nani? Mfadhili akitupa ruzuku anatudai ripoti ya kila robo mwaka, risiti, picha, orodha ya mahudhurio. Na serikali nayo inatudai. Kwa kanuni za NGO za mwaka 2018, mkataba wowote wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 tunauwasilisha Hazina na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10, na matumizi tunayatangaza. Angalia vizuri: milioni 20 ndiyo bei ya darasa moja ulilolitaja. Asasi ikipata zaidi ya thamani ya darasa moja, inaanikwa hadharani. Shule ikiletewa madarasa matatu, ni wapi mwanakijiji anasoma fedha zilikwendaje?

Kwa hiyo usituambie ushindani ni dhuluma tupu. Unabana, na kubanwa ndiko kunakotufanya tuwe wakweli.

Mwalimu mkuu, shule ya msingi, Mtwara

Naomba niseme kidogo, kwa kuwa nimetajwa na kila mtu humu.

Shule yenye wanafunzi 400 inaendeshwa na ruzuku ya uendeshaji. Kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hiyo, 4,000 ni ya vitabu na hubaki juu. Shuleni inakuja 6,000. Kwa watoto 400 ni shilingi milioni 2.4 kwa mwaka, yaani laki mbili kwa mwezi. Hapo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, maji, na nauli ya kwenda halmashauri kila ninapoitwa. Kiwango hiki kilipangwa na MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) mwaka 2002 kikiwa sawa na dola 10 za Marekani. Leo ni kama dola nne. Watoto wameongezeka, hasa baada ya elimu bila malipo kuanza Januari 2016. Shilingi elfu kumi imebaki ileile.

Sasa dada wa Tabora anasema ushindani unawafanya wawe wakweli. Mimi simkatalii. Ila mimi sina mtu wa kuandika. Nikikaa kuandika, darasa la sita halina mwalimu wa hisabati, maana mwalimu huyo ni mimi. Kuna mwaka tulipata mtu wa kutuandikia, akataka sehemu ya fedha zikitoka. Nilikataa, na fedha hazikutoka. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kamati ya shule nzima ilisaini kitu ambacho hawakukisoma. Wazazi waliochaguliwa kusimamia mali ya shule walisaini kwa kuniamini mimi tu. Huo uwajibikaji anaousema dada unakuwaje hapo?

Mdau wa zamani wa upande wa wafadhili

Nimefanya kazi kwenye meza inayopokea maandiko. Niseme kwa nini mambo yako hivyo, maana mjadala unakwenda kana kwamba wafadhili wanapenda tu kusumbua watu.

Baadhi ya wafadhili hawaruhusiwi kuweka fedha kwenye akaunti ya serikali, na shule ya umma ni serikali. Ndiyo maana shule inaambiwa itafute asasi ya kupitia. Halafu, ruzuku ya milioni 10 inahitaji mkataba, ziara, ukaguzi na faili, sawasawa na ruzuku ya bilioni moja. Mfadhili akihesabu muda wa wafanyakazi wake anaona ni afadhali kumpa shirika kubwa moja, nalo ligawie wadogo. Kila mkono unaopitisha unakata gharama zake. Mdogo wa mwisho, yule wa wilayani, anapewa bajeti ya shughuli peke yake: semina, posho, vipeperushi. Kodi ya ofisi na mshahara wa mhasibu havimo. Mwaka unaofuata anaambiwa hesabu zake ni dhaifu.

Serikali ya Marekani iliwahi kulitambua hili. Oktoba 2024 ilipandisha kiwango ambacho asasi isiyo na mkataba maalumu inaweza kudai kwa gharama za uendeshaji, kutoka asilimia 10 hadi 15. Miezi mitatu baadaye, tarehe 20 Januari 2025, ikatoka amri ya kusimamisha misaada ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai USAID, shirika lao la misaada, ikawa imefungwa kama shirika. Asasi zilizokuwa katikati ya mradi zilipokea barua ya kusimamisha kazi kabla hata hazijalipa mishahara ya mwezi. Tukijadili namna ya kugawa ruzuku, tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya chanzo chenyewe imekauka. Waombaji hawajapungua, fedha ndizo zimepungua, kwa hiyo mashindano yatakuwa makali zaidi na yule wa pembezoni atasukumwa mbali zaidi. Kwa sababu hiyo nipo upande wa mwanzisha mada, ingawa sikuwa huko miaka mitano iliyopita.

Mzazi, mjumbe wa kamati ya shule, Kahama

Kwetu sisi fedha zikigawiwa "kwa uhitaji" tunajua maana yake: diwani anayesikika ndiye kata yake ina uhitaji. Takwimu zinaandikwa na watu. Mnataka tuondoke kwa mwandishi wa maandiko tumwendee mwanasiasa?

Mhasibu wa halmashauri

Mzazi, hoja yako ni nzito. Ila nimjibu dada wa Tabora kwanza kuhusu mahali pa kusoma. Shule zina mfumo wa hesabu, FFARS, unaotumika pia kwenye zahanati. Kila fedha inayoingia na kutoka inaandikwa humo. Miradi ya ujenzi inaendeshwa kwa force account, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuajiri mafundi bila mkandarasi, na kamati za ujenzi na za manunuzi zinachaguliwa kijijini. Taarifa ipo. Kisichofanyika ni kuibandika ukutani kwa lugha ambayo mzazi ataielewa. Mbao za matangazo zipo, ila mara nyingi zina tangazo la chanjo la mwaka juzi.

Mratibu wa asasi, Tabora

Mwalimu wangu wa Mtwara, shikamoo. Umenigusa uliposema kamati ilisaini bila kusoma. Nakubali: andiko la fedha za shule ya umma ya Tanzania liandikwe Kiswahili, na mfadhili agharamie mtafsiri wake. Hilo sitalipinga.

Lakini mhasibu amenithibitishia nilichosema. Taarifa ipo na haisomwi. Atakayekwenda kuisoma, kuibandua ile karatasi ya chanjo na kuweka ya hesabu, kuitisha mkutano, ni nani? Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati, hawezi kujikagua. Hapo ndipo asasi inahitajika, na hakuna mtu anayetoa ruzuku ya kazi hiyo kwa sababu haina jengo la kuzindua. Mkitaka fedha za ujenzi ziende shuleni moja kwa moja, sawa, lakini tengeni fungu la kuzifuatilia na litoke nje ya halmashauri. Bila hivyo mzazi wa Kahama ana haki ya kuogopa.

Mwanzisha mada

Dada, nakubali kuhusu fungu la ufuatiliaji, na nakubali kwamba nililiruka suala hilo. Nikusanye tulipofika, ili atakayeendelea asianze upya.

Hoja ya mzazi wa Kahama siwezi kuipita. Takwimu zikikaa ofisini, mwenye sauti atazipanga apendavyo. Kwa hiyo pendekezo langu linabadilika hivi: kila halmashauri itoe hadharani orodha ya shule zake zote kwa mpangilio wa upungufu, wanafunzi kwa darasa, wasichana kwa tundu la choo, walimu wasio na nyumba. Ibandikwe kwenye kila ofisi ya kata kabla ya bajeti, na wananchi wapewe muda wa kupinga. Shule inayoruka nafasi ijulikane imerukaje. Mfadhili yeyote, awe ubalozi, benki au TEA, achague kutoka juu ya orodha kuja chini. Asiyeweza kuweka fedha akaunti ya serikali apitishe kwenye asasi, lakini shule asiichague yeye.

Asasi ibaki na kazi mbili zinazogharamiwa kikamilifu, pamoja na kodi ya ofisi na mshahara wa mhasibu: kufuatilia fedha hizo, na kushughulikia yale ambayo takwimu hazioni, kama yule binti wa mwezi wa nne. Hizo zishindaniwe, kwa Kiswahili.

Na ile elfu kumi ya mwaka 2002 ipandishwe. Kama ruzuku ya uendeshaji ingekuwa na thamani yake ya mwanzo, mwalimu wa Mtwara angekuwa na zaidi ya mara mbili ya anachopata, na baadhi ya fomu hizi asingekuwa na haja ya kuzijaza.

Mwalimu mkuu, shule ya msingi, Mtwara

Marahaba, dada.

Mwanzisha mada, kwenye orodha yako ongeza umbali wa shule kutoka barabara inayopitika masika. Tripu ya mchanga kwetu si bei ya mjini, na milioni 20 za darasa ni zilezile.