Tunatafuta wadhamini wa tamasha la mvinyo Kangulumira, tuanzie wapi?

Mama Nanasi
Hamjambo wakubwa. Mimi ni katibu wa kikundi cha watengeneza mvinyo hapa Kangulumira, Kayunga, Uganda, tuko 11, wengi wetu ni mvinyo wa nanasi, wawili rosela, mmoja ndizi. Mwaka jana tulifanya tamasha dogo, kila mtu alichanga elfu hamsini, watu wakajaa mpaka chupa zikaisha saa tisa mchana. Desemba hii tunataka siku mbili, tena na wadhamini, lakini hatujui unaomba kiasi gani na kampuni unaipa nini zaidi ya kutundika bango lake. Kuna kampuni moja ya bia imesema itatoa kila kitu, tenti, jukwaa, muziki. Tuchukue? Naomba msaada jamani.

Kijana wa Bushenyi
Dada soma mkataba kwanza. Sisi huku tulipata ofa kama hiyo hiyo tukasaini kwa furaha, kumbe ndani kuna kifungu kwamba kilevi chochote uwanjani ni cha mdhamini peke yake. Asubuhi gari lao likaja, vijana wakapita meza kwa meza, akina mama waliokamua mbidde (ndizi za pombe) na kuchachua tonto yao (pombe ya ndizi) wakaambiwa watoe. Nilimwona mama mmoja anafunika madumu na kitenge anayasukuma chini ya meza, akakaa hapo mpaka jioni bila kuuza hata kikombe kimoja, inaniuma mpaka leo. Hao wa bia usiwape jina la tamasha. Wakitaka kuja wapewe kona yao, na iandikwe wazi kwamba wanachama wenu wanauza mvinyo wao bila kuzuiwa.

Afisa Masoko Kla
Nafanya kazi masoko kwenye benki, barua za udhamini zinapita mezani kwangu kila wiki. Nyingi zinaanza na "tunaomba msaada wenu" halafu hakuna hata namba moja, hizo hazifiki mbali. Andika mwaka jana walikuja watu wangapi, mliuza chupa ngapi, weka na picha ya umati. Halafu usitafute mdhamini mmoja wa kubeba yote, kata vipande, huyu tenti, huyu maji ya kunywa, huyu glasi. Benki au mtandao wa simu mwambie malipo yote ya uwanjani yatapita kwake, hicho ndicho tunachokitaka kuliko bango. Na glasi ya kuonjea yenye nembo msiidharau, mtu anaondoka nayo, mimi ninayo moja ya tamasha la miaka mingi iliyopita naiwekea miswaki, nembo naiona kila asubuhi. Barua zitoke sasa hivi, benki nyingi tunafunga hesabu Desemba, ukija Novemba hela ya udhamini mara nyingi imeshaisha. Na usishangae wakikulipa pungufu, malipo yakizidi milioni moja kampuni kubwa inakata kodi ya zuio 6% inapeleka URA (mamlaka ya mapato), dai cheti chake.

Ssalongo Chupa
Hapo juu wamesema vizuri ila mmesahau alama ya Q, ile alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Kampuni zenye jina zinaogopa sana nembo yao kukaa karibu na chupa isiyo na Q, hasa tangu viroba vipigwe marufuku 2019 pombe inaangaliwa kwa jicho kali. Wasio na Q wasaidieni waanze sasa. Na uwanja usiwe wa shule, walio chini ya 18 utawazuiaje pale?

Mama Nanasi
Mwebale nnyo (asanteni sana) wote. Ssalongo umenigusa, uwanja tuliopanga ni wa shule ya msingi, nitaongea na mwenyekiti tuhamie kwingine. Wenye Q ni wanne tu. Watu hatukuwahesabu lakini vizibo nilivihifadhi kwenye gunia, jana usiku nimevihesabu na binti yangu, 340. Wa bia nimewapigia nimewaambia ni kona tu, wamesema watafikiria, basi wafikirie. Afisa, kwa siku mbili glasi 600 zitatosha?

Afisa Masoko Kla
Agiza 800, na barua yako anza na hivyo vizibo.