Ukiumia kazini huendi kortini: hii WIBA ni ya nani?

Wasee wa mjengo na nyinyi mabosi pia, leo tuongee hii maneno. WIBA, ile sheria ya Kenya ya 2007 ya majeraha ya kazini, kifungu cha 16 kinasema ukiumia huwezi kumshtaki mwajiri, madai peleka kwa Mkurugenzi wa DOSH, ile idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Mawakili waliipinga, 2009 Mahakama Kuu ikawasikiza, 2017 Mahakama ya Rufaa ikageuza, Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana na Rufaa, ikafunga hiyo stori.

Binamu yangu alikatwa vidole viwili na msumeno, bosi akamlipia dawa, akampea elfu tano na kumwambia "pona kwanza tutaongea", wakaongea na kuongea mpaka mwaka ukaisha, na dai ni ndani ya miezi 12. Kesho yake kuuliza, nafasi yake iko na mtu mwingine. Mimi nasema turudishiwe korti.

*Mwenye Karakana:*
Pole kwa binamu, lakini nyinyi mnaangalia upande mmoja tu. Niko na watu sita na bima nalipa. Kortini ilibidi uonyeshe bosi ndiye alikosea, kwa WIBA hata ukiteleza mwenyewe unalipwa bora si makusudi (na hata ya makusudi, ukiumia vibaya sana ama ukifa bado inalipwa). Korti mnayolilia kesi inakaa miaka, halafu wakili anakata chake kwanza.

*Karani wa Ofisi:*
Hesabu iko wazi jamani. Mshahara wa miezi 96 mara asilimia ya ulemavu. Unalipwa 15,000, daktari akiandika asilimia 10, ni 144,000. Usiporidhika unapinga kwa Mkurugenzi ndani ya siku 60, ukikataliwa ndio unakata rufaa korti ya kazi, kwa hivyo si kweli korti imefungwa kabisa.

*Dada wa EPZ (viwanda vya kuuza nje):*
144,000 na mkono hauwezi kushika cherehani tena, hiyo inakupeleka wapi?? Na karani unasema mshahara, sisi wa kulipwa kila jioni bila karatasi tutaonyesha nini?

*Mwanzilishi tena:*
Mwenye karakana sikukatai, kama bosi wote wangekuwa wewe singeandika hapa. Shida ni ripoti. Sheria inampa bosi siku 7 kuripoti ajali, sasa bosi hajachukua bima, ataripoti aje na anajua anajichoma mwenyewe? Tanzania angalau waajiri wanachanga WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, kila mwezi, pesa inatoka kwa mfuko, si kwa huyo huyo bosi mnayeangaliana kila asubuhi. Tukikatazwa korti basi na sisi tupewe mfuko kama huo. Dai mfanyakazi anaweza kupeleka mwenyewe, hiyo najua. Swali langu, kuna mtu hapa ameipeleka bosi akiwa amekataa kusaini fomu na akalipwa?