"Keep Yourself Alive" ya Queen: demo au ya albamu?

Besi_Nne: Wakuu, salaam. Swali kwa wapiga gitaa. Ile demo (rekodi ya majaribio) ya studio ya De Lane Lea ya 1971 naiona ina moto kuliko ile ya albamu ya kwanza, 1973. Sasa kwa nini walirekodi upya? Na ule mlio wa mwanzo unaozunguka kama upepo, wameutoa wapi?

Fundi Nyuzi: Mkuu, hata Brian May, mpiga gitaa wa Queen na mtunzi mwenyewe, anaipenda zaidi demo. De Lane Lea walikuwa wamefungua studio mpya Wembley, wakataka bendi yenye kelele ya kujaribia mitambo. Queen pesa hawakuwa nayo, kelele wanayo, wakarekodi bure. Albamu ikafanyiwa studio ya Trident, nako waliingia usiku wateja wanaolipa wakishaondoka. Sauti za wimbo huu zikachanganywa na kuchanganywa, mpaka fundi mitambo Mike Stone akapata mchanganyo walioukubali. Ukikipika mno, chakula nacho kinachoka.

Ule upepo ni fezingi. Sauti ya gitaa inarudufiwa, nakala inacheleweshwa kiduchu, zikikutana baadhi ya masafa yanafutana. Vaa hedifoni: kwanza nyuzi zimebanwa, Brian anakwaruza tu chaka-chaka, halafu magitaa mengine yanapanda juu yake. Hapo Queen ya baadaye imeshafika, kwenye gitaa lile lile alilolichonga na baba yake, shingo imetoka kwenye mbao ya meko kuukuu, na anapiga kwa sarafu ya peni sita badala ya piki, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi. Kilichokuwa bado hakijafika ni kwaya. Sauti kwenye kiitikio zimo, ila nyembamba.

Mtoto wa Mji Mkongwe: Huku Unguja tunamjua Freddie Mercury wetu tu, mwimbaji wa Queen, kumbe wimbo wa Brian! Mbona haukuvuma?

Fundi Nyuzi: Singo ilitoka Julai 1973, chati ya Uingereza haikuigusa. Maoni yangu: gitaa linajinafasi mno kabla Freddie hajafungua mdomo, na mtu wa redio hana subira hiyo. Mwaka uliofuata "Seven Seas of Rhye", iliyotungwa na huyo Freddie wenu, ikaanza na piano, akaingia mapema, ikafika namba 10.

Besi_Nne: Nimekuelewa, mkuu. Bendi yetu tunapiga ya demo basi.

Fundi Nyuzi: Pigeni. Ila demo inaanza na gitaa kavu (lisilo la umeme), msije na distoshani, ule mlio wa kukwaruza, tangu mwanzo.