C, C++ au Rust kwa kidhibiti cha pampu: ipi inashika makosa vizuri?

Bitinane: Habari za jioni wakuu. Nimepata kazi ya kutengeneza kidhibiti cha pampu ya maji ya jumuiya moja huku Singida. Kinapima maji kwenye tangi, kinawasha na kuzima pampu, kinatuma SMS. Ijumaa natakiwa nimwambie mwenye kazi tunaandika kwa lugha gani, na akishatoa malipo ya awali hakuna kugeuka. Nababaika kati ya C, C++ na Rust. Hofu yangu ni makosa: sensa ikikatika, modemu ikigoma, kumbukumbu ikijaa. Ipi inanilinda zaidi?

MamaSaketi: Chipu gani? Kumbukumbu kiasi gani? Umeme wa gridi au sola? Kama ni AVR, ile ya Arduino Uno, throw na catch za C++ (eksepsheni: kodi inarusha kosa, sehemu nyingine inalidaka) hazifanyi kazi kwenye kompaila yake, kwa hiyo njia hiyo ya kushika makosa inajifuta yenyewe.

Mzizima_Dev: Rust, mkuu. Fankisheni inayoweza kushindwa inarudisha Result, yaani kifurushi chenye jibu au kosa, na huwezi kuchukua jibu lililomo ndani bila kuamua kosa unalifanyaje. Alama ya ? inalipandisha kosa kwa aliyekuita, na mtu anayesoma kodi anaiona njia ya kosa kwa macho. Kwenye C kosa ni namba tu, ukiipuuza programu inaendelea kama kawaida.

Koili: Hata C++ ina [[nodiscard]], alama ya kukuonya ukipuuza jibu la fankisheni, tangu C++17. Na Result ukiipuuza, Rust inatoa onyo tu, kodi inajengwa vilevile. Halafu kuna unwrap(), inayochukua jibu bila kushughulikia kosa, zimetapakaa kwenye mifano ya mtandaoni: kosa likitokea hapo, ni paniki, programu inakatishwa. Eksepsheni za C++ zina raha yake: kosa likipanda, kila ulichofungua kinafungwa chenyewe njiani, na kodi ya kawaida inabaki safi.

FundiMkongwe: Nieleze niliyoyaona, kijana aamue. Niliitwa kwa mfugaji mmoja ambaye kitotoleshi chake kilikuwa kimepika mayai. Kodi ilikuwa ya C++ ya Arduino, imeandikwa na fundi aliyekwisha ondoka. Sensa ni DS18B20 ya kupima joto, na maktaba yake ya kawaida ikikosa sensa inarudisha -127. Haipigi kelele yoyote, inakupa namba kama namba nyingine. Waya ulilegea usiku. Kodi ikasoma -127, ikalinganisha na 37.5, ikaona ndani kuna baridi kali, ikawasha hita na kuiacha hivyo hadi asubuhi. Nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni, na harufu yake sitaisahau. Yule mama alikuwa amekopa kununua yale mayai. Sensa hiyohiyo ina mtego mwingine: ikipata umeme upya na ukaisoma kabla haijamaliza kupima, inakupa 85. Hiyo nayo ni nyuzijoto inayowezekana kabisa, programu itaiamini. Tatizo ni kosa kuvaa nguo za jibu. Chagua lugha inayovitenganisha hivyo viwili, iwe kwa Result, iwe kwa eksepsheni, iwe kwa struct ya C (kifungu cha data) yenye sehemu mbili, jibu na hali ya kosa.

Mzizima_Dev: Umemaliza, mzee wangu. Hiyo ndiyo hoja ya Result.

Koili: Hata eksepsheni ingeizuia hiyo.

Ndege_Chuma: Eksepsheni siyo dawa. Roketi ya Ulaya Ariane 5, Kourou huko Guyana ya Ufaransa, tarehe 4 Juni 1996. Lugha ilikuwa Ada, yenye eksepsheni. Namba ya desimali ya biti 64 ikageuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, haikutosha, eksepsheni ikarushwa na hakukuwa na wa kuidaka. Roketi ikaharibika sekunde 40 hivi baada ya kuanza safari.

Koili: Maliza habari basi. Kodi ile ilitoka Ariane 4, roketi iliyotangulia, ambako namba hiyo haikuwahi kuwa kubwa kiasi hicho. Na mfumo ulipangwa kwamba eksepsheni ikitokea kompyuta ijizime, ya akiba ishike usukani. Ya akiba ilikuwa na programu ileile, ikafa kwa kosa lilelile. Usiisingizie Ada.

Ndege_Chuma: Sijaisingizia. Nasema kurusha kosa ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kujua nani analipokea na analifanyia nini.

Bitinane: Samahani kwa kuchelewa, wakuu. Chipu ni ESP32, umeme ni sola na betri.

MamaSaketi: Ungeanza na hilo. Kwenye ESP-IDF, vifaa rasmi vya kuandikia programu za ESP32, eksepsheni za C++ zimezimwa, unaziwasha mwenyewe, na programu inanenepa kwa majedwali ya kufuatilia kosa. Zisiporushwa karibu hazigharimu muda. Zikirushwa ni taratibu, na kitu kinachorushwa kinaombewa nafasi kwenye heap, kumbukumbu ya kugawiwa programu inapoendelea, ileile unayohofia imejaa. Kwa C utatumia esp_err_t, namba ya kosa inayorudishwa na fankisheni. Angalia ESP_ERROR_CHECK: kosa likitokea inaita abort na chipu inawaka upya. Kwenye kuanzisha mfumo sawa, ila usiiweke kwenye kusoma sensa. Na muhimu kuliko lugha: chipu ikiwaka upya pini zinaelea, yaani hazina sifuri wala moja ya uhakika, kwa hiyo weka rezista ya kuvuta chini kwenye relei (swichi ya umeme ya pampu), pampu ibaki imezimwa.

Bitinane: Relei niliyonayo inawaka ikipata sifuri.

MamaSaketi: Basi ivute juu. Tuma mchoro hapa, na useme ni ya volti 3.3 au 5.

Pwani256: Hakuna aliyetaja lugha ya Zig? Ina errdefer, inasafisha pale tu fankisheni inapotoka na kosa.

Mzizima_Dev: Zig haijafika toleo 1.0, huwezi kumkabidhi mteja.

FundiMkongwe: Bitinane, kabla ya lugha: maji yakiisha kisimani pampu itajuaje? Hiyo kwenye maelezo yako sijaiona.

Bitinane: Bado sijaipangia, mzee. Relei ni ya volti 5. Mchoro napiga picha sasa hivi.