Lori linachemsha likipanda Kitonga hata baada ya themostati kutolewa

MkaziWaUyole ameuliza:

Habari zenu wakuu. Mimi ninamiliki lori moja tu, semitrela yenye injini ya silinda sita, lita 12, yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa nyingi ndani ya injini) na intakula (kipoza hewa hiyo, kilicho mbele ya rejeta), ambayo huleta mbolea kutoka Dar es Salaam hadi Makambako na Mbeya, na kurudi na mbao za Mafinga au mchele wa Mbarali mzigo ukipatikana. Ndilo linalosomesha watoto wangu, kwa hiyo ninaomba ushauri wa dhati.

Tatizo lilianza mwezi wa tano. Tukiwa na tani 28, lori likishatoka Ruaha Mbuyuni na kuingia kona za mlima Kitonga, mshale wa joto huanza kupanda, na kabla ya kufika juu maji hutoka kwa nguvu kwenye tangi dogo. Fundi wa gereji moja alitoa themostati (kilango kinachoongoza maji ya injini kulingana na joto) na kuitupa, akasema kwamba kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Tangu siku hiyo yametokea mambo mawili ambayo kwangu mimi yanapingana. Usiku, kule Mafinga na Makambako, mshale hauinuki kabisa, na asubuhi hapa Uyole injini hutoa moshi mweupe unaochoma macho kwa karibu nusu saa. Lakini Kitonga lori bado linachemsha, na safari iliyopita lilichemsha mapema kuliko awali. Sasa fundi huyo anataka kushusha silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini. Je, nimruhusu?

FundiDizeli_Mbalizi amejibu:

Kaka, hedi isiguswe kwanza. Hayo mambo mawili unayoona yanapingana yana chanzo kimoja.

Katika injini nyingi kubwa za malori, themostati ina sahani mbili. Ya juu hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta maji yakishapata moto, na ya chini, kwa wakati huohuo, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye wota pampu bila kupitia rejeta. Ukiitoa themostati, njia zote mbili hubaki wazi siku zote. Kwenye tambarare yenye baridi, maji mengi hupita kwenye rejeta bila sababu na injini haifikii joto lake la kazi. Kwenye mlima, sehemu kubwa ya maji ya moto huzunguka kwa njia ya mkato na kurudi ndani ya injini yakiwa bado ya moto. Ndiyo maana lako linachemsha mapema zaidi.

Moshi mweupe unaochoma macho, wenye harufu kali ya dizeli, ni mafuta ambayo hayakuungua kwa sababu silinda ni za baridi. Sehemu ya mafuta hayo huteremka kwenye kuta za silinda, huosha oili inayolinda ringi, kisha huishia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuipunguza oili uzito. Ingekuwa ni maji yanayoingia kwenye silinda, ungekuwa unaongeza maji kila siku hata bila kupanda mlima.

Kabla ya kuzungumzia hedi, fanya kipimo hiki asubuhi injini ikiwa baridi kabisa: fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji hadi mdomoni, washa, kisha utazame. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, au hozi ya juu ikiwa ngumu kama fimbo dakika mbili tu baada ya kuwasha huku mfuniko umefungwa, gesi ya mwako inapenya gasketi iliyo chini ya hedi na fundi wako atakuwa na hoja. Usipoyaona hayo, tafuta mahali ambapo joto linashindwa kutoka.

Mimi ningeanza na nafasi iliyo kati ya intakula na rejeta. Ukitazama mbele ya lori unaiona intakula tu, na inaweza kuwa safi kabisa, wakati nyuma yake vumbi, majani makavu na mvuke wa oili vimeshikamana na rejeta. Legeza intakula, isogeze, halafu osha rejeta kwa maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele, bila presha kubwa inayolaza mapezi yake. Kisha kagua klachi ya feni, inayoishika feni izunguke na injini ikipata moto: zima injini ikiwa ya moto, na kabla ya kuingiza mkono hakikisha funguo iko mfukoni mwako. Zungusha feni kwa kidole. Ikizunguka raundi nyingi kwa wepesi, klachi imekufa, na mlimani feni hiyo haivuti upepo wa kutosha.

Mfuniko wa rejeta nao watu huudharau sana. Mbeya mjini ni takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko mzima unaoshikilia presha ya bar 1 hukisogeza kiwango hicho kupita nyuzi 110. Mpira wake ukipasuka, maji huchemka na kumwagika wakati injini yenyewe haijafikia joto la hatari.

DerevaWaTunduma amejibu:

Ninakubaliana na fundi, ila ninaomba kuongeza upande wa usukani, kwa kuwa nimepanda Kitonga kwa miaka mingi. Mweleze dereva wako ashushe gia mapema, kabla lori halijaanza kulemewa. Madereva wengi hung'ang'ania gia kubwa, mizunguko ikishuka hadi 1,000 huku mguu ukiwa umekandamiza mafuta hadi mwisho, wakiamini wanabana matumizi. Wota pampu na feni hutegemea mizunguko ya injini. Ukipanda na gia ndogo kwenye mizunguko 1,500 au 1,600, mguu ukiwa haujakandamizwa wote, maji yanatembea na upepo unavutwa.

Mshale ukipanda sana, asimame mahali salama, atoe gia, aiache injini ikinguruma kwenye mizunguko kama 1,000 mpaka mshale urudi. Akiizima ghafla, maji yaliyomo ndani ya hedi husimama pale penye moto mkali, na oili huacha kupita kwenye tabo ikiwa bado ya moto. Ikiwa maji yameshamwagika yote, hapo azime mara moja. Mfuniko usifunguliwe na utingo kwa haraka. Nimeona kijana akibabuka uso na kifua pale Ilula. Na maji baridi yasimwagwe kwenye injini iliyochemka, kwa maana hedi hupasuka.

MkaziWaUyole amejibu:

Ninawashukuru sana. Swali dogo: dereva wangu huongeza maji ya mtoni pale Ruaha Mbuyuni. Je, yana madhara?

FundiDizeli_Mbalizi amejibu:

Yana madhara makubwa, mzee wangu. Maji ya mtoni huleta matope na chokaa inayoganda ndani ya mirija ya rejeta. Lakini kuna jambo baya zaidi. Slivu (mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) za injini kama yako huzungukwa na maji moja kwa moja, na kila mwako unapotokea slivu hutetemeka; mtetemo huo huzaa vipovu vinavyopasuka juu ya chuma na kukitoboa kidogo kidogo. Nimeshika slivu zilizotobolewa hivyo: upande mmoja laini kama sahani, upande mwingine mashimo kama kichuguu cha mchwa, na moja lilikuwa limefika ndani. Kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini) yenye dawa yake huweka utando unaozuia hali hiyo. Changanya nusu kulanti na nusu maji yaliyosafishwa, na dereva abebe dumu la mchanganyiko huohuo.

Ukinunua themostati, ipime kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto. Iliyoandikwa 83 inapaswa kuanza kufunguka karibu na hapo. Usiikatae ikiwa haijafunguka yote maji yanapochemka, kwa kuwa nyingi hufunguka kabisa kwenye nyuzi 95 hivi, na sufuria yetu hapa Mbeya haifiki huko.

MkaziWaUyole amejibu, wiki mbili baadaye:

Ninaleta mrejesho. Mapovu hayakuonekana. Tuliposogeza intakula tulikuta tabaka nyeusi ya vumbi na oili, nene kama blanketi, imefunika zaidi ya nusu ya rejeta, na mpira wa mfuniko ulikuwa umepasuka. Tumeosha, tumebadilisha mfuniko, tumerudisha themostati na kuweka kulanti. Juzi lori limepanda Kitonga na tani 28, saa nane mchana, bila kusimama, na dereva anasema mshale ulisogea kidogo kwenye kona za juu ukarudi. Moshi wa asubuhi sasa hauzidi dakika tatu. Ila kijiti cha oili kinaonyesha kiwango kimepanda juu ya alama, na oili inanuka dizeli.

FundiDizeli_Mbalizi amejibu:

Ni dizeli ya miezi ile injini ilipokuwa baridi bila themostati. Imwage oili yote pamoja na filta kabla ya safari inayofuata, hata kama kilomita hazijatimia. Kisha pima kiwango kila asubuhi kwa wiki moja. Kikipanda tena, nozo zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda zitolewe zikapimwe.