MJADALA: Pesa za maendeleo za wadi Nairobi. Tunabishania mkoba, mbona hatuulizi ni nani hulipwa kwanza?

Mkazi wa Mwiki (mwanzisha mada)

Tangu ugatuzi, yaani serikali za kaunti, uanze 2013 tumekuwa na swali moja tu: pesa za maendeleo ya mtaa zishikwe na nani? Madiwani wanataka Mfuko wa Maendeleo wa Wadi uwe na nguvu ya kujitegemea, kila wadi ijue fungu lake. Ofisi ya gavana inataka miradi ipitie idara za kaunti. Wabunge nao wana NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, mzao wa ile CDF iliyoanza 2003, ambayo Mahakama Kuu ilitamka Septemba 2024 kwamba sheria yake inakiuka Katiba. Septemba 2025 ugomvi huu ulifika mahali madiwani wa Nairobi wakaandaa hoja ya kumng'oa Gavana Johnson Sakaja, na pesa za wadi pamoja na basari zilikuwa kati ya malalamiko yao makubwa. Rais Ruto na marehemu Raila Odinga wakaingilia kati, hoja ikawekwa kando. Mitaro yetu ikabaki ilivyo.

Msimamo wangu ni kwamba hata mkoba ukihamishwa kesho asubuhi, apewe diwani, gavana au mbunge, barabara ya mtaa haitajengwa. Tatizo liko kwenye foleni ya malipo. Kaunti inapokosa pesa za kutosha, na hukosa kila mwaka, kuna wanaolipwa kwanza na kuna wanaosubiri. Maendeleo husubiri siku zote.

Tazameni bajeti inavyotengenezwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Kaunti hupanga matumizi ikitegemea mifuko miwili mikubwa: mgao kutoka Hazina Kuu, ambao kwa Nairobi ni takriban shilingi bilioni 20 kwa mwaka, na mapato yake yenyewe, yaani kodi za ardhi, leseni za biashara, ada za maegesho na kadhalika. Hapa kwenye mapato ya ndani ndipo udanganyifu unapoanza, na nalitumia neno hilo kwa makusudi. Katika mwaka wa 2023/24 lengo lilikaribia bilioni 20. Zilizokusanywa zilizidi kidogo bilioni 12. Sasa ule upungufu unakatwa wapi? Mshahara haukatwi, na haufai kukatwa, muuguzi wa hospitali za Pumwani na Mama Lucy lazima alipwe. Posho na safari hazikatwi kwa urahisi, wenye kuzipitisha ndio wenye kuzipokea. Kinachobaki ni barabara, taa, zahanati na soko. Kwa hiyo mradi wa wadi yako ulikuwa umeshakufa siku bajeti iliposomwa, kwa sababu uliwekewa pesa ambazo kila mtu chumbani alijua hazitapatikana.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inasema angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Kwenye karatasi Nairobi huitimiza. Kwenye matumizi halisi, soma ripoti za Msimamizi wa Bajeti, Dkt Margaret Nyakang'o, anayeidhinisha pesa za umma kutolewa, robo baada ya robo, uone tuko mbali kiasi gani na hiyo 30. Na wakati huohuo madeni ya kaunti yetu yamepita bilioni 80. Sehemu kubwa yalirithiwa kutoka kwa iliyokuwa Halmashauri ya Jiji, hilo nakubali, lakini kila serikali tangu 2013 imeongeza lake.

Ninachotaka kijadiliwe hapa ni hiki. Lengo la mapato ya ndani lisizidi kile kilichokusanywa mwaka uliotangulia, na nyongeza ndogo tu. Tenda mpya isitangazwe katika wadi ambayo kazi iliyokamilika na kukaguliwa haijalipwa. Na orodha ya wanaodai, kwa tarehe, deni la zamani likiwa juu, ibandikwe kila mwezi ofisini kwa msimamizi wa wadi na mtandaoni. Hayo yakishakuwepo, tubishane nani ashike mkoba. Karibuni, mnipinge.

Mama wa Kayole

Ndugu yangu wa Mwiki, nimekusoma mpaka mwisho na mengi umesema kweli. Lakini usiturushie mbali suala la nani ashike. Mimi nauza nguo Kayole. Mtaro ukiziba nampigia diwani. Asiponijibu, Jumamosi namkuta matangani au kanisani na namwambia mbele ya watu. Idara ya barabara nitaikuta wapi? Niende City Hall, makao ya kaunti, nifunge duka, nipande ghorofa, niambiwe mhusika ametoka? Nairobi ina wadi 85. Hawa watu 85 ndio peke yao wanaojulikana na majirani zao kwa sura. Wakinyimwa pesa, mimi nimenyimwa mtu wa kuuliza.

Na tusisahau basari. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka kwamba kaunti haziwezi kuendelea kutoa basari za shule bila makubaliano na serikali kuu. Wanasheria walikuwa na hoja zao. Lakini ni wazazi wa mtaani waliokosa usingizi, shule zilikuwa zimefunguliwa. Ndiyo maana watu wanamtetea diwani, kwa vile wameona mkono wake.

Mhandisi, South B

Mama, kwa heshima, hapo kwenye mtaro ndipo naona hatari ya kugawa pesa kwa wadi. Maji hayajui mpaka wa wadi. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilipoangusha nyumba Mathare na kuua watu, yale maji hayakuanzia Mathare. Yalitoka juu, sehemu ambazo ardhi imefunikwa saruji na lami, yakaingia kwenye mto ambao kingo zake zimejengwa. Ukiipa kila wadi fungu lake, diwani wa juu atachimba mtaro mzuri utakaoyafikisha maji haraka zaidi kwa jirani wa chini. Nimeona mtaro wa saruji uliofika mwisho wa wadi ukakatika hapo hapo. Aliyefuata hakuwa na pesa mwaka huo, au aliona taa zinampa kura zaidi.

Kugawa sawa kwa 85 pia si haki, japo kunaonekana hivyo. Ruai ni pana, barabara nyingi ni za udongo na watu wanahamia kila siku. Kileleshwa ina lami tangu zamani. Wadi za Mathare ni ndogo kwa eneo lakini zimejaa watu. Fungu moja la kulingana kwa wote linamfurahisha kila diwani katika bunge la kaunti na halimtoshi yeyote. Mimi nasema mitaro mikubwa, maji taka na barabara kuu za mitaa zipangwe na jiji zima, kwenye ule mpango wa kaunti wa miaka mitano. Wadi ibaki na vitu vidogo: taa, vyoo vya soko, ukarabati wa chekechea.

Mkazi wa Mwiki

Mhandisi, hilo la mitaro nakubaliana nawe kabisa, na sioni kama linapingana na langu. Mtaro wa jiji zima ukitangazwa bila pesa utakatika katikati vilevile, na ukikatika ni hatari kuliko ule wa wadi.

Mama, nakuelewa. Lakini nikuulize: diwani anaposhika mradi, nani anamkagua? Kifungu cha 185 cha Katiba kinampa kazi ya kutunga sheria na kuisimamia serikali ya kaunti. Akichagua mradi, akapendekeza kontrakta, kisha akakaa kwenye kamati ya kukagua, wewe utabaki na nani wa kukusemea? Kumuuliza Jumamosi kanisani ni haki yako. Ila yeye naye awe na uwezo wa kumuuliza gavana Jumanne bila woga wa kunyimwa fungu la wadi. Hivi sasa fungu hilo limekuwa kamba shingoni mwake. Akiwa mkali, linachelewa.

Mwanakandarasi (sitaji kaunti)

Naongea kama mtu niliye kwenye hiyo foleni. Nilifanya kazi ya maramu na kalvati katika kaunti moja ya nchi hii. Mhandisi wao akakagua, cheti cha kukamilika nikapewa. Nilikopa benki kwa logbuku ya lori. Pesa haikuja mwaka ule wala uliofuata, na lori likapigwa mnada. Nilipokwenda kuuliza niliambiwa deni langu "halikurudishwa kwenye bajeti", kama kwamba barabara ilikuwa imeondoka.

Wananchi wengi hawajui madhara yake kwao. Sisi tuliobaki kwenye biashara tumejifunza. Tukijaza tenda ya kaunti tunaweka ndani yake riba ya benki ya miaka miwili au mitatu, na wengine wanaweka hata cha kumpa mtu wa kusukuma faili. Kazi ya milioni tano inaandikwa nane. Au inaandikwa tano na saruji inapunguzwa. Sheria imetenga asilimia 30 ya tenda kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mpango mzuri, lakini kijana asiye na akiba akikaa miaka miwili bila kulipwa amekwisha. Anayebaki ni mwenye mtaji mkubwa au mwenye jamaa ndani.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 53, inamkataza afisa kuanzisha tenda bila kujiridhisha kwamba pesa ya kutosha imo kwenye bajeti iliyoidhinishwa. Angalia maneno hayo: imo kwenye bajeti. Haisemi imo benki. Bajeti ikiwa na mapato hewa, afisa ametii sheria na mimi nimefilisika.

Ila mwanzisha mada, nikuonye. "Deni la zamani kwanza" lina mtego. Humo ndani kuna madeni hewa, kazi ambazo hazikufanywa na ankara za mawakili zinazoshangaza. Ukisema wa zamani alipwe kwanza bila uhakiki, hao ndio watakaotangulia, na mimi mwenye barabara inayoonekana nitasubiri tena.

Mlipa kodi, Kilimani

Nalipa kodi ya ardhi kila mwaka bila kusukumwa. Mnasema mapato ya ndani hayafiki lengo. Sehemu ya sababu ni kwamba majirani zangu wengi wameacha kulipa, na ukiwauliza wanakuonyesha barabara. Mkitaka lengo lifikiwe, mtu aone risiti yake imekwenda wapi. Nami sikubali kwamba Kileleshwa na Kilimani zisipate chochote eti zilishapata. Maghorofa yamejengwa juu ya bomba za maji taka zilizowekwa kwa ajili ya nyumba chache zenye bustani.

Kijana wa Mukuru

Mimi nitasema lisilopendwa. Wakati wa NMS ya Meja Jenerali Badi, ile idara ya serikali kuu iliyopewa kazi za kaunti kwa mkataba, kati ya Machi 2020 na Septemba 2022, kwetu tulichimbiwa visima na zahanati ikajengwa. Hakukuwa na diwani wala kamati. Amri ilitoka, kazi ikafanyika. Kwa nini tusirudi huko?

Mkazi wa Mwiki

Kijana wangu, visima nimeviona na sitavikana. Lakini zile kazi zilikwenda kwa sababu serikali kuu ilikuwa nyuma yake, na amri ya kulipa ilitoka juu. Yaani hata mfano wako ni wa foleni: mradi uliwekwa mbele. Ila mkataba ulipokwisha, nani alibaki wa kutunza pampu na kumlipa muuguzi? Na ulipotaka kuuliza hesabu, ulimuuliza nani uliyempigia kura?

Ndugu mwanakandarasi, onyo lako ni zito kuliko yote yaliyosemwa hapa, kwa hiyo narekebisha pendekezo langu. Deni lenye kitu cha kuonekana, barabara, jengo, taa, liwe na foleni yake, kwa tarehe. Madeni ya mawakili na ya huduma zisizoonekana yaende kwenye uhakiki na yasizuie mengine. Na uhakiki wa vinavyoonekana ufanyike hadharani mtaani: orodha isomwe kwenye baraza, wakazi waseme kama kalvati ipo au haipo. Hakuna kamati ya City Hall inayoijua kalvati ya Mwiki kuliko anayeivuka kila siku.

Hatuhitaji kusubiri sheria mpya ili kuanza. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu ombi la mwananchi. Naandika barua kuomba miradi yote ya wadi yangu tangu 2022: kiasi kilichotengwa, cheti kilichotolewa, kiasi kilicholipwa. Anayetaka afanye hivyo kwa wadi yake.

Mama wa Kayole

Hapo umenipata nusu. Barua nitaandika, na mwanangu atanisaidia. Lakini la diwani bado sijakubali. Kama hawezi kuchagua mradi, basi awe na sahihi kwenye hiyo orodha ya malipo, ili nikimkuta Jumamosi asiniambie hajui.

Mhandisi, South B

Mama, sahihi ya kuthibitisha kwamba kazi ipo, sawa. Sahihi ya kuidhinisha nani alipwe, hapana. Ukimpa hiyo ya pili, mwanakandarasi hapo juu atakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mwanakandarasi (sitaji kaunti)

Tayari ni mingi. Mhandisi ana haki. Mimi nataka tarehe tu: nikiwa na cheti cha leo, nionyeshwe walio mbele yangu ni wangapi na wanadai nini. Nikiweza kuhesabu, sitamhonga mtu.